Hereni na mzio wa nikeli: swali la kumuuliza sonara

Makala ya leo yanaangazia jambo linaloanza kama muwasho mdogo wa sikio, na ambalo kwa baadhi ya watu huwa ndiyo safari ya maisha yao yote. Jambo hilo ni mzio unaosababishwa na nikeli iliyomo ndani ya hereni.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, na kokote walikohamia watu wake, iwe ni Muscat, Dubai, London au Minneapolis, watoto wengi wa kike hutogwa masikio wangali wadogo. Zamani mabibi wa Unguja na Lamu walitoga ndewe na hata ukingo wa sikio, wakavaa majasi, na wengine wakatia katika matundu hayo visahani vya karatasi ya rangi iliyoviringishwa. Watoto walipitishwa uzi mpaka kidonda kilipopona. Karatasi na uzi vilikuwa na hatari zake za uchafu, lakini havikuwa na nikeli.

Siku hizi hereni ya kwanza ya mtoto mara nyingi ni ya kuchovya. Hununuliwa dukani ikiwa jozi kadhaa kwenye kadi moja, huagizwa kwa njia ya mtandao, au hufika ndani ya sanduku la shangazi anayerudi nyumbani kwa likizo. Hung'aa kama dhahabu, na bei yake ni ndogo. Baada ya wiki au miezi, ndewe huanza kuwasha.

Nikeli ni nini?

Nikeli ni metali nyeupe, ngumu, yenye kung'aa na isiyoshika kutu kwa urahisi. Jina lake limetokana na wachimba migodi wa Ujerumani waliokutana na jiwe jekundu lililofanana na mawe ya shaba, lakini kila walipoliyeyusha hawakupata shaba. Wakaliita shaba ya shetani, wakiamini kuwa pepo wa mgodini amewafanyia inda. Mwaka 1751 mwanasayansi wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, aliitenga metali hiyo, na baadaye akaipa sehemu ya jina hilo la wachimba migodi. Hazina kubwa ya nikeli ipo pia Kabanga, wilayani Ngara, kaskazini magharibi mwa Tanzania.

Watengenezaji wa vito huipenda nikeli kwa sababu ni rahisi kuliko fedha na dhahabu, na huipa bidhaa ugumu na mng'aro. Hereni nyingi za kuchovya huwa na kiini cha mchanganyiko wa shaba na zinki. Juu ya kiini hicho huwekwa tabaka la nikeli, na juu kabisa utando mwembamba wa dhahabu. Kazi ya tabaka la nikeli ni kuizuia shaba isipenye na kuififisha rangi ya dhahabu. Utando huo ukishalika kwa kusuguliwa, nikeli ndiyo inayogusana na nyama ya sikio.

Mwili unavyojifunza kuikataa

Jasho la binadamu lina chumvi, na chumvi hiyo huimomonyoa nikeli pole pole. Chembe zake ndogo mno hupenya katika ngozi na kushikamana na protini za mwili. Hapo chembechembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huzitambua kama adui na kuziweka katika kumbukumbu. Mafunzo hayo ya askari yanaweza kuchukua wiki kadhaa, miezi au hata miaka, na katika muda wote huo mvaaji haoni dalili yoyote.

Kijiti cha hereni kina njia ya mkato. Tundu lililotogwa karibuni ni kidonda, na kidonda hakina ngozi ya kukizuia kinachoingia. Ndiyo maana wataalamu wa maradhi ya ngozi wanahesabu kutoga masikio kuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa za mzio wa nikeli. Uchunguzi katika nchi mbalimbali za Ulaya umeonyesha kwamba wanawake zaidi ya 10 katika kila 100 wana mzio huu, ilhali wanaume ni wachache zaidi. Tofauti hiyo huelezwa kwa sehemu kubwa na desturi ya kuvaa hereni. Joto nalo huongeza jasho, na kwa hivyo mkaazi wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat anaweza kusumbuka zaidi wakati wa kaskazi au kiangazi kuliko jamaa yake aliyeko kwenye baridi.

Askari wa mwili wakishajifunza, hawasahau. Hakuna dawa ya kuuondoa mzio wa nikeli. Kilichopo ni dawa ya kutuliza ngozi na hekima ya kujiepusha. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Msichana aliyepata mzio kwa hereni akiwa na umri wa miaka mitano anaweza, akiwa mtu mzima, kuwashwa na kifungo cha suruali ya jinzi, kamba ya saa, fremu ya miwani, funguo au sarafu. Sarafu za Yuro 1 na Yuro 2, kwa mfano, zina nikeli. Akiwa msusi, mshonaji au mhasibu wa dukani, mikono yake inaweza kupata ukurutu kwa sababu ya mikasi, sindano au sarafu anazozishika kutwa nzima, na ajira yake ikaingia mashakani. Hiyo ndiyo gharama inayofichika nyuma ya hereni ya bei nafuu.

Dalili kwenye ngozi nyeusi

Mzio huu haujitokezi papo hapo. Kwa kawaida dalili huanza baada ya saa 12 hadi siku mbili au tatu tangu ngozi ilipogusana na nikeli. Ucheleweshaji huo huwafanya wengi wailaumu sabuni, mafuta ya nywele au manukato, kwa kuwa hereni walishaivua.

Vitabu vingi vinaeleza kuwa ngozi huwa nyekundu. Maelezo hayo yanafaa zaidi kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa. Badala yake ndewe huwa na rangi ya zambarau, ya kijivu au nyeusi zaidi kuliko sehemu nyingine, huwasha sana, hukauka na kubambuka, na pengine hutoa majimaji. Muwasho ukishatulia, weusi unaweza kubaki kwa miezi kadhaa.

Ni muhimu kuutofautisha mzio na mambo mengine mawili. La kwanza ni maambukizi ya vijidudu, ambayo huja na maumivu, joto, uvimbe na usaha, pengine na homa, na mara nyingi hushika sikio moja. Mzio huwasha zaidi kuliko kuuma, na kwa kawaida hushika masikio yote mawili. La pili ni kovu linalokua kupita mpaka wa jeraha, ambalo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Kovu hilo ni gumu, laini juu yake, na huota wiki au miezi baada ya kutoga. Kubadilisha hereni hakuliondoi, na aliye nalo anahitaji kumuona daktari.

Sheria za nchi zinatofautiana

Denmark ilikuwa ya kwanza kuiwekea nikeli mipaka katika vito, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 1994, lililotekelezwa kikamilifu madukani kuanzia mwaka 2001. Kanuni hiyo haiangalii nikeli iliyomo, huangalia nikeli inayotoka. Kijiti kinachopita ndani ya tundu hakiruhusiwi kutoa zaidi ya maikrogramu 0.2 kwa kila sentimita moja ya mraba kwa wiki. Vito vingine vinavyokaa mwilini kwa muda mrefu vimewekewa kikomo cha maikrogramu 0.5, na vilivyochovywa vinapaswa kudumu ndani ya kikomo hicho kwa angalau miaka miwili ya matumizi ya kawaida. Uingereza iliendelea na kanuni hizo hata baada ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020.

Faida yake imeonekana. Uchunguzi uliofanywa kwa wasichana wa shule nchini Denmark, na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa waliotogwa baada ya sheria kuanza walikuwa na mzio kwa kiwango cha chini sana kuliko waliotogwa kabla yake.

Nchini Marekani hakuna sheria ya serikali kuu inayoweka kikomo cha nikeli katika hereni, ingawa chama cha wataalamu wa mzio wa ngozi nchini humo kiliitangaza nikeli kuwa kisababishi kikuu cha mzio cha mwaka 2008. Neno haipoalejeniki linalobandikwa kwenye kadi za hereni, likidokeza kuwa bidhaa haielekei kuleta mzio, halina kiwango rasmi ambacho muuzaji analazimika kukitimiza. Vilevile, hereni iliyoagizwa kwa njia ya mtandao kutoka bara jingine huweza kumfikia mnunuzi wa Ulaya bila kupimwa na mtu yeyote.

Dhahabu na karati zake

Katika masoko ya dhahabu ya Deira mjini Dubai na Mutrah mjini Muscat, swali la kwanza la mnunuzi ni karati. Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Karati humweleza mnunuzi kiasi cha dhahabu kilichomo. Hazimwelezi kilichojaza nafasi iliyobaki, na mwenye mzio huumizwa na kilichobaki.

Hesabu yake ni nyepesi. Dhahabu ya karati 24 ni safi, ila ni laini mno kwa kijiti cha hereni. Ya karati 22, yenye alama ya 916, ina dhahabu sehemu 916 katika kila 1,000. Ya karati 21 hupigwa alama ya 875, ya karati 18 alama ya 750, ya karati 14 alama ya 585, na ya karati 9, inayouzwa kwa wingi Uingereza, alama ya 375. Maana yake ni kwamba hereni ya karati 9 ina metali nyingine zaidi ya asilimia 60. Katika dhahabu ya njano, metali hizo kwa kawaida ni fedha, shaba na zinki, lakini kadiri karati zinavyopungua ndivyo nafasi ya nikeli kuingia inavyoongezeka. Kwa sababu hiyo dhahabu ya njano ya karati 18 na kuendelea ni chaguo zuri kwa watu wengi.

Dhahabu nyeupe ni jambo jingine. Dhahabu kwa asili ni ya njano, na ili iwe nyeupe huchanganywa na metali nyeupe, ambayo inaweza kuwa paladiamu au nikeli. Mara nyingi huchovywa pia katika rodiamu ili ing'ae, na utando wa rodiamu hulika kwa kuvaliwa. Hereni ya dhahabu nyeupe ya karati 18 inaweza, kwa hiyo, kumletea mtu mzio ambao hereni ya njano ya karati hizo hizo haimletei.

Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1973 inataka vito vya dhahabu vigongwe muhuri wa ofisi ya upimaji. Hata hivyo, vitu vya dhahabu vyenye uzito wa chini ya gramu 1 vimesamehewa, na hereni nyingi za watoto ni nyepesi kuliko hapo. Kukosekana kwa muhuri kwenye kihereni kidogo si lazima kuwe ulaghai, lakini kunamwachia mnunuzi jukumu la kuuliza.

Metali nyingine

Titani ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa tundu jipya. Ni ile ile inayotumiwa na madaktari wa upasuaji kuunga mifupa. Ni nyepesi, haili kutu, na ile ya daraja la upandikizaji mwilini, inayotambulishwa kwa alama ya F136, haitengenezwi kwa kuchanganywa na nikeli. Inaweza kupewa rangi ya buluu, zambarau au dhahabu kwa kupitishiwa umeme, bila kupakwa kitu chochote. Niobiamu ina sifa zinazokaribiana nayo. Platini pia ni salama kwa wengi, ingawa bei yake ni ya juu. Kwa wasiotaka metali kabisa, zipo hereni zenye vijiti vya plastiki ya kitabibu.

Fedha yenye alama ya 925 ina sehemu 75 za metali nyingine katika kila 1,000, na kwa kawaida metali hiyo ni shaba. Wengi huivaa bila taabu, ila si vibaya kuuliza. Kinachopaswa kuogopwa ni kile kinachouzwa kwa jina la fedha ya Kijerumani. Hakina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli.

Chuma cha pua kinachoitwa cha upasuaji huwachanganya wengi. Aina ya 316L ina nikeli takriban asilimia 10 hadi 14. Nikeli hiyo imefungwa ndani, na utando wa kromiamu juu yake huizuia isitoke kwa wingi, hivyo watu wengi wenye mzio mwepesi hukistahimili. Kwa tundu bichi, au kwa mtu mwenye mzio mkali, titani ni afadhali.

Hereni zilizopo na zawadi zinazotumwa

Si lazima hereni za urithi zitupwe. Sehemu inayoleta madhara makubwa ni ile inayopenya ndewe na ile inayoibana kwa nyuma. Sonara stadi anaweza kukata kijiti cha zamani na kuunga kipya cha dhahabu ya njano ya karati 18, au kubadilisha ndoana ya hereni ya kuning'inia na kuweka ya titani. Kifungio cha nyuma nacho kibadilishwe, kwani mara nyingi hereni huwa ya dhahabu na kifungio chake kikawa cha kuchovya.

Kuna kipimo cha nyumbani kinachouzwa katika vichupa vidogo, chenye kemikali iitwayo daimethilglaioksimu. Tone hudondoshwa kwenye pamba, kisha hereni husuguliwa nayo kwa muda wa nusu dakika. Pamba ikigeuka rangi ya waridi, nikeli inatoka, na hereni hiyo haifai. Isipogeuka, hatari ni ndogo ingawa haijaondoka kabisa, kwa kuwa kiasi kidogo mno kinaweza kukosa kuonekana, na utando wa juu unaweza kuwa bado haujalika. Kipimo cha sumaku hakisaidii. Vipo vyuma vyenye nikeli ambavyo sumaku haivinasi, na vipo visivyo na nikeli ambavyo huvinasa.

Baadhi ya watu hupaka kijiti rangi ya kucha isiyo na rangi. Kinga hiyo ni ya muda mfupi, hubanduka kwa jasho na msuguano, na haifai kuingizwa katika tundu ambalo halijapona.

Anayeshuku kuwa ana mzio anaweza kupimwa hospitalini. Daktari wa ngozi humbandika mgongoni vibandiko vyenye kiasi kidogo cha nikeli na vitu vingine, huviacha kwa saa 48, kisha husoma matokeo siku hiyo na tena siku moja au mbili baadaye. Sikio lililokwisha kuumuka hutulizwa kwanza kwa kuvua hereni, kisha kwa dawa ya kupaka atakayoiagiza daktari au mfamasia. Dawa kali za kupaka zinazouzwa kiholela, zikiwemo zile za kujichubua, zinaweza kuidhoofisha ngozi na kuacha madhara mapya.

Kwa upande wa watoto, madaktari wengi hushauri kusubiri angalau mpaka mtoto apate chanjo za mwanzo, ikiwemo ya pepopunda. Sindano iwe safi na ya kutumiwa mara moja. Hereni ya kwanza iwe ya titani au ya dhahabu ya njano ya karati nyingi, na isibadilishwe mpaka tundu lipone, jambo linalochukua wiki sita au zaidi kwenye ndewe, na miezi mingi kwenye ukingo mgumu wa sikio.

Shangazi anayefunga sanduku lake huko Dubai au Birmingham, basi, ana maswali matatu ya kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa. Kijiti kimetengenezwa kwa metali gani? Kifungio cha nyuma nacho je? Na ikiwa ni dhahabu, imechanganywa na nini? Muuzaji asiyeweza kujibu amekwisha kutoa jibu. Jozi moja inayojulikana asili yake itamfaa mtoto kuliko kadi nzima ya hereni zinazong'aa.